Sekunde Tisa za Mwalimu Ngoja

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwalimu Ngoja, na hawakumpa kwa mapenzi. Miaka thelathini na moja alifundisha hesabu, na kila akiuliza swali ananyamaza, anahesabu moyoni mpaka tisa. Ole wake mwenye kiherehere atakayeropoka jibu kwenye mbili! Alijua kitu ambacho wakaguzi wa shule na makabrasha yao hawakukijua: mwepesi anajibu kwenye mbili, wa kawaida kwenye tano, na yule wa nyuma kabisa, anayeambiwa kila siku kuwa ni zuzu, ndiyo kwanza anaanza kufikiri kwenye saba. Ikifika tisa, naye analo. Ukimkata kwenye sita, umemfanya zuzu kweli.

Alipostaafu, binti yake akamwita studio. Binti ndiye mkuu wa ofisi inayotengeneza masomo ya mtandaoni, ya video na ya sauti tupu, kwa ajili ya watu wanaojisomea majumbani. Mama akakaa kwenye kile chumba kidogo kilichowambwa sponji ukutani, joto la kufa mtu kwa sababu feni ikiwashwa maikrofoni inaidaka, akarekodi masomo mia moja na kumi na mawili. Na kila swali, sekunde zake tisa. Ndani ya hizo sekunde ukitega sikio unamsikia akivuta pumzi, kiti kinalia, mara anatoa "mmh" ndogo ya kumtia mtu moyo. Kisha ukaja uvimbe wa koo, ukaja upasuaji, na sauti ikaenda moja kwa moja. Tangu hapo anatembea na kidaftari kifuani, kimefungwa kwa kamba pamoja na kalamu, na anachotaka kusema anakiandika. Hakulia sana. Alijiambia kwamba sauti yake ameshaiweka mahali salama, kwa mwanawe. Mahali salama, jamani!

Jirani yake wa mlango wa pili ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu aliyeachia shule njiani, na sasa alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa sekondari na utu uzima wake. Kusoma vitabu hana nafasi. "Mikono na macho ni vya wateja," husema, "masikio ndiyo yangu." Simu anaitundika juu ya cherehani, anawasha masomo ya mwalimu, anashona huku anajibu maswali kwa sauti, na mwalimu akiwa kwake anamsikia kupitia ukutani akibishana na ile sauti ya zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake ya kila siku.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, upande ule ukawa kimya. Mwalimu akaenda kuchungulia.

"Nimeacha," fundi alisema, uzi mdomoni. "Usinikasirikie, mwalimu. Najua umenichoka. Zamani ulikuwa unaningoja. Siku hizi unauliza na kujijibu hapohapo, kama mtu aliyebanwa. Nikasema basi, hata mwalimu ameona kichwa hiki ni jiwe."

Mwalimu akaandika: *Hebu cheza nisikie.*

Fundi akacheza. "Kumi na saba mara nane ni ngapi mia moja thelathini na sita vizuri tuendelee!" Ala! Sauti ni yake, lakini imefukuzwa na mbwa. Mwalimu akajaribu kuisimamisha kwa kidole kila swali linapoisha. Kidole kikigusa, jibu limeshatoka. Akajaribu mara nne, ya tano fundi akamshika mkono na kumwambia aache tu, asijisumbue. Mwalimu akaandika: *Nipe mpaka jioni. Usiache.*

Hakunywa hata chai. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwanawe.

"Mama! Mbona hukusema unakuja?" Swali gani hilo la kumwuliza mtu asiye na sauti? Lakini ndivyo alivyo binti huyu, mdomo unatangulia, na kalamu ya mama yake hajawahi kuingoja imalize mstari.

*Masomo yangu ni nani aliye...*

"Nani aliyeyafupisha? Ni mimi. Tena yamependeza!" Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kumbe kuna programu, unaiambia tu: ukimya wowote unaozidi nusu sekunde, kata. Ilipita kwenye masomo yote mia moja na kumi na mawili kwa mchana mmoja. "Tazama hapa, mama. Zamani wakianza mia, wanaofika mwisho ni ishirini. Sasa ni sitini na wanane! Wakubwa wamefurahi mpaka basi."

*Wanafika mwisho wakiwa wamejua...*

"Wamejua nini, hilo ni la mtihani, si letu. Sisi tunapima waliomaliza."

Mwalimu akaandika upesi, kabla hajakatwa tena: *Nataka ya mwanzo.*

Hapo ndipo binti aliponyamaza mwenyewe. Akavuta droo, akairudisha. "Tuliyafuta. Nafasi ilikuwa imejaa. Lakini mama, hukupoteza hata neno moja. Tulichotoa ni hewa tu."

Hewa! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliokwisha kuliwa. Na lisilosameheka ni kwamba binti si mtu mbaya. Alipoona uso wa mama yake alimwita mhariri wa sauti palepale, akamwamuru aweke ukimya wa sekunde tisa baada ya kila swali, somo moja la majaribio. Wakakaa watatu kusikiliza. Swali likaja, kisha kikaja kimya cha simu iliyokatika. Hakuna pumzi, hakuna kiti, hakuna mtu. Kwenye sekunde ya nne mhariri mwenyewe, aliyekipachika kile kimya kwa mkono wake, aliinama kuangalia kama waya umechomoka.

Mwalimu alicheka bila sauti, cheko baya. Akaandika: *Wewe mwenyewe nili...*

"Ulinizaa, ukanilea, ukanisomesha. Najua, mama, na nakushukuru kila siku. Lakini nina kikao." Akambusu shavuni, akaondoka na simu sikioni.

Wala haikuwa hiyo. Alitaka kumwandikia kwamba wewe mwenyewe nilikungoja miaka minne hujatoa neno, shangazi zako wakikuita bubu mbele yangu, na mtu akikuuliza jambo sikukujibia hata siku moja. Mstari ukabakia hapo kwenye *nili*. Akafunga kidaftari. Kisha akarudi nyumbani.

Fundi alipomwona mlangoni alijua, lakini akauliza hivyohivyo. "Wamerudisha?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Usijali. Nilishaamua tangu mchana." Daftari lake la hesabu lilikuwa mezani, limeshachanwa, na kurasa zake amezikata umbo la kola, anazitumia kupimia sare za watoto wa watu. Juu ya kola moja hesabu za sehemu zilionekana, zote zimepigwa alama ya vema. "Karatasi nzuri hii, ngumu. Ndugu zangu walisema tangu zamani kwamba kichwa changu kizito, mimi nikajifanya mbishi. Hakuna wa kulaumiwa."

Mwalimu akainamia kidaftari. Akaandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: *SI KICHWA CHAKO. WALIKATA MUDA WAKO WA KUFIKIRI. ALIYEKATA NI MWANANGU.* Ilimchukua muda.

Alipoinua karatasi, fundi alikuwa ameshaweka kola chini ya sindano. Mguu unakanyaga, cherehani inaunguruma, macho yako kwenye mshono. Mwalimu alifungua mdomo kumwita. Hakikutoka kitu. Akabaki amesimama mlangoni ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, akingoja fundi ainue macho, na fundi hakuinua.