Nyumba Iliyokwenda Benki

Siku ya mshahara Nélida Chiguay alikuwa jikoni anakuna viazi vya mkate, pale birika lilipoteleza juu ya jiko la kuni na kugonga ukuta. Alilirudisha mahali pake, akaendelea kukuna. Alipotoka kumwaga maganda alikuta ngazi za mlangoni zimebaki nyuma, kando ya kabichi, na nyumba imesonga mbele, upande wa barabara iendayo mji wa Chonchi. Alizivuta ngazi, akaziweka tena chini ya mlango.

"Imeanza?" aliuliza mama mkwe wake, bibi Clorinda, kutoka kitandani.

"Imeanza, mama."

"Ilikuja hapa kwa kuogelea, hii. Baba mkwe wangu aliivuta kutoka kisiwa cha Lemuy, maksai nchi kavu, mashua baharini. Nyumba iliyowahi kusafiri hairogwi, inakumbuka tu." Akageukia ukutani. "Hicho kiazi ulichokuna kinanuka uchachu."

Nélida alijua sababu: deni la benki, nayo benki ilikuwa Chonchi. Mkopo wa nyumba waliuchukua yeye na marehemu mumewe, ili kuinunua kwa ndugu wa mume waliotaka kuiuza ubao mmoja mmoja. Tangu mume afe alikuwa anaulipa peke yake, kwa mshahara wa kiwanda cha kome, ambako alisimama mchana kutwa miguu ndani ya maji baridi akitoa nyama kwenye maganda. Mshahara uliingia benki. Kabla ya rejesho la mkopo kukatwa, benki ilikata ada ya kutunza akaunti, halafu ikakata bima ya kuibiwa kadi. Nélida hakuwahi kuwa na kadi. Kilichobaki kilipungua kidogo tu kulifikia rejesho, na kwa sababu kilipungua, rejesho halikupokelewa. Ikaja faini ya kuchelewa. Faini nayo ilikatwa kwenye mshahara uliofuata, kabla ya rejesho.

Aliomba ruhusa kiwandani, akaenda Chonchi kwa miguu. Kwenye kaunta alikuwepo Yasna, msichana mpole aliyekuwa na mafua mwaka mzima.

"Ada hutangulia, mama," alisema Yasna. "Mfumo ndivyo ulivyo."

"Basi nirudishieni pesa ya bima. Kadi sina, ataniibia nani?"

"Andika malalamiko."

"Nimeandika tangu kiangazi."

Yasna alitazama kompyuta, akapenga kamasi. "Nayaona. Ila mwenye malimbikizo hasikilizwi mpaka ayamalize malimbikizo."

"Malimbikizo yenyewe yametokana na bima."

"Hiyo unayoilalamikia?"

"Hiyohiyo."

"Basi hayo malalamiko ndiyo yanayosubiri."

Nyuma yake mzee mmoja alikohoa kumhimiza.

"Na nyumba imeanza kusogea," alisema mwishowe.

"Kuja huku?"

"Kuja huku."

"Wale wa kijiji cha Huillinco na yao imeanza," alisema Yasna. "Ila yao inakuja kinyumenyume, ndiyo maana wanachelewa. Usiiache katikati ya barabara tu, mama, manispaa watakutoza."

Mwezi uliofuata nyumba ilivuka ua wake na kuingia shamba la jirani. Ikabidi Nélida aombe minga, kazi ya ujima ya kuvuta nyumba. Minga huombwa kwa mdomo, mlango kwa mlango, umevaa nguo safi, na anayeombwa hakatai. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba huwalisha watu, basi. Mzee Eliecer Remolcoy alikuja na maksai wake, wengine wakaja na wa kwao, wakapitisha magogo chini ya sakafu, wakafunga kamba na kupiga kelele. Nyumba ilirudi mahali pake bila kuvunja kioo. Bibi Clorinda hakutoka kitandani, alivutwa pamoja nayo, akiwatukana maksai kwa majina.

Kisha watu walikula. Walikula kome, nguruwe aliyekaushwa kwa moshi na mkate wa viazi, wakashushia kwa pombe ya tufaha. Nélida hakuthubutu kupunguza. Mtu aliyekuvutia nyumba huwezi kumwekea sahani nusu, na wao wangejua. Nguruwe huyo alikuwa amemweka amuuze ili kuziba lile pengo dogo la rejesho.

Kwa hiyo pengo halikuzibwa, na siku ya mshahara nyumba iliondoka tena. Safari hii ilifika kanisani.

Waliirudisha. Ikaondoka. Waliirudisha wakati wa mvua, maksai wakizama matopeni hadi magoti, na Nélida akanunua nyama kwa mkopo dukani. Watu wa Teupa, kijiji chao, walizoea. Mwalimu wa shule aliwaambia watoto wasicheze karibu na nyumba ya mama Nélida mwisho wa mwezi, kama alivyowaambia wasicheze karibu na mto.

Siku moja, baada ya kula, mzee Eliecer alibaki amekaa kwenye benchi, anawatazama maksai wake wakihema.

"Binti yangu," alisema, "sisi tunakuvuta siku nzima, tena watu na ng'ombe. Benki inakuvuta kwa kidole."

"Najua, mzee."

"Silalamiki. Nguruwe alikuwa mtamu."

"Huyo alikuwa wa mwisho. Dukani hawanikopeshi tena."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Kisha akaenda kuwafungua maksai nira.

Mwezi uliofuata Nélida hakuomba minga. Alijua ni kosa. Kutomwomba jirani ni kumwambia huna haja naye, na wanawake wawili waliacha kumsalimia. Hata hivyo siku nyumba ilipoondoka tena walitoka wote wawili wakasimama barabarani. Mmoja aliwaondoa kondoo njiani. Mwingine aliinua waya wa umeme kwa fito, bomba la moshi likapita chini yake.

"Una kiburi, wewe," yule mwenye fito alimwambia Nélida.

"Sina nyama," alijibu Nélida dirishani.

"Nani alikuuliza nyama?"

Nyumba ilikuwa imeshapita.

Mpaka baridi inaisha, nyumba ilikuwa imefika Chonchi. Iliushuka ule mteremko mkali wa mji kwa uangalifu, ubavu ubavu, kama mtu mzima aliyebeba ndoo, ikasimama kando ya benki. Nélida aliona ina faida yake. Sasa angeweza kuuliza habari za malalamiko yake kila asubuhi kabla basi la kiwanda halijapita.

Yasna alimkaribisha kama jirani. Alimwazima hata kamba ya kuanikia nguo. Kisha alifungua kompyuta na uso wake ukabadilika.

"Mama, umehama."

"Sijahama. Nyumba ndiyo imekuja."

"Mfumo unasoma umehama. Mkaguzi alikwenda Teupa akakuta mawe ya msingi na kabichi. Sasa malalamiko yako yalikuwa ya mkazi wa Teupa, na Teupa hayupo. Yamefungwa."

"Yamefungwa yakasemaje?"

"Hayakusema. Yamefungwa tu." Yasna alipenga kamasi, akainamisha macho. "Andika mengine, mama. Nitakusaidia kujaza. Na kuna ada ya ukaguzi, nayo hutangulia."

Nélida aliandika mengine. Yasna alimsaidia kweli, hata akakaa mpaka baada ya saa za kazi.

Siku ya mshahara benki ilikata ada ya kutunza akaunti, bima ya kadi, faini na ada ya ukaguzi. Nyumba ilijongea mara moja, kwa utulivu, ukuta wa nyuma wa jikoni ukaegemea mlango mkubwa wa benki, kisha ukuta ukafunguka katikati bila mlio. Mlinzi aliangalia huku na huku, akapima nafasi kwa mikono, akatangaza kuwa wateja watapitia ndani ya nyumba ya mama.

Walipitia. Wastaafu walikuwa wa kwanza, wakivua kofia mlangoni na kuomba radhi kwa matope. Walisimama kwa mstari kutoka ngazini, wakapita mbele ya jiko, kando ya kitanda cha bibi Clorinda, hadi kaunta. Bibi aliwauliza mmoja mmoja wana deni gani, akawaambia wa nyuma kuhusu wa mbele. Hakuwa amepata wageni wengi namna hiyo tangu mazishi ya mwanawe.

"Malizia mkate huo, watu wana njaa," alimwambia Nélida.

Nélida aliongeza kuni kwenye jiko, akafuta mikono. Kisha akavua aproni na kwenda kuuliza nani alikuwa wa mwisho. Mzee mmoja aliinua kidole. Akasimama nyuma yake, mgongo ukiwa karibu na jiko lake mwenyewe, akasubiri zamu.