Yai la Tumpale

Njia nzima kutoka Igamba mpaka Tunduma, Ketrina alimnywesha mkwewe maji.

"Kunywa, mwanangu. Bila maji picha haitoki. Wifi yako Tabita alipopimwa mimba walimnywesha lita nzima."

Tumpale akanywa. Angemkatalia vipi? Miaka sita ya ndoa bila mtoto, kijiji kizima kilimsema, lakini mama huyu hakumsema hata siku moja. Sasa alikaa kwenye benchi la kliniki, amebana mapaja, akimwomba Mungu vitu viwili: aitwe haraka, na safari hii yai likue. Mara mbili alishameza vidonge vya kukuza mayai, na mara zote mbili kipimo hakikuonyesha kitu. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa vidonge vile.

Daktari Jenista alimgusa tumbo, akacheka. "Dada, nani kakwambia ujaze kibofu? Hiyo ni ya wenye mimba. Hapa tunapimia kwa ndani, kibofu kiwe kitupu. Kimbia, choo kile pale!"

Aliporudi, Ketrina alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimekutesa bure, mwanangu."

"Hapana, mama. Nishike mkono tu."

Ketrina akaushika, uso akiwa ameugeuzia ukutani kwa heshima ya mkwe.

Kwenye kioo cha mashine likatokea duara jeusi. Daktari akalipima taratibu.

"Milimita kumi na tisa. Limeiva! Mumeo yuko wapi?"

"Saza. Machimboni."

"Basi usiku wa leo awe nyumbani. Likipita, limepita."

Nje, Tumpale alitoa simu, akaishika tu. Maneno yale angeyasemaje mchana kweupe, mama akisikia? Ketrina akamnyang'anya, akampigia mwanawe.

"Asajile! Panda gari sasa hivi."

"Kuna msiba, mama?"

"Msiba gani! Daktari amesema mkeo..." Mama hamwambii mwanawe mambo hayo. Akakohoa. "Wewe njoo. Mimi leo na kesho nalala kwa Tabita. Nyumba ni yenu. Na kuku ameshachinjwa."

Kicheko kikasikika kwenye simu.

"Nakuja, mama! Nakuja mbio!"

Tumpale alijifunika uso kwa kitenge, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Unacheka nini sasa?" Ketrina akamvuta mkono. "Twende haraka, kuku mwenyewe bado anatembea."