Dirisha la Upande wa Barabara

Katika kwaya ile, iliyokuwa ikikarabati nyumba za watu kila Jumamosi, kila mtu alikuwa na kazi yake, na kazi ya Mzee Chumvi ilikuwa kukaa kivulini na kudanganya. Hakuna aliyelalamika. Wenzake walishagundua zamani kwamba saruji huchanganyika upesi watu wakiwa wanacheka, na huyu dereva wa lori mstaafu alikuwa na hadithi za kutosha kuezekea kanisa. Aliwahi kuwaambia kwamba lori lake lilikatika breki mlimani, akaliambia habari za misiba ya ukoo wake mpaka likaishiwa nguvu, likasimama lenyewe kando ya njia. Watu wakacheka, sepetu zikaenda. Jina alipewa kwa chumvi aliyotia katika kila neno, naye alilipokea kama mtu anayepandishwa cheo.

Kiongozi wao alikuwa Mama Besi, mama wa kifua kipana aliyeimba sauti ya nne pamoja na wanaume na kuwafunika wote. Ufundi ulikuwa wa Fundi Timazi, mwashi aliyetembea na kamba yake ya kupimia ukuta shingoni kama daktari na kipimo chake. Fundi alikuwa na sheria moja tu: wakati wa kupanga matofali, pambio ni marufuku. Wimbo wa taratibu, alisema, hulikalisha tofali kwa adabu. Pambio huzaa ukuta unaocheza.

Jumamosi hiyo walikwenda ng'ambo ya pili ya mji, kwa mama mmoja mjane ambaye paa lake lilikuwa linavuja. Gari liliposimama, Chumvi alikuwa katikati ya hadithi ya mbuzi aliyetaka kununua leseni ya udereva. Akashuka, akaitazama nyumba, na hadithi ikamfia mdomoni.

"Ehe, mbuzi akasemaje?" Mama Besi akauliza.

"Mbuzi gani?"

Mlango ulikuwa umebadilishwa. Zamani ulikuwa wa mbao, sasa ni wa bati zito. Rangi nayo ilikuwa nyingine, juu ya nyingine, juu ya nyingine tena. Lakini kwenye chumba cha kona, upande wa barabara, palikuwa na dirisha la chini, pana kuliko kimo chake, limeinama kidogo upande mmoja kama kofia ya mlevi. Hilo Chumvi hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alilitoboa mwenyewe.

Wakati huo hakuwa Chumvi wala dereva. Alikuwa kibarua wa ujenzi na bwana harusi mpya, na chumba kile cha kupanga ndicho pekee walichokimudu, kwa sababu hakikuwa na dirisha hata la dawa. Mkewe alikuwa mshonaji. Mchana kweupe alikuwa anawasha taa ya mafuta ili atunge uzi kwenye sindano, na jioni macho yake yalikuwa mekundu kama ya mpiga vigelegele aliyekesha. Chumvi akaenda kwa mwenye nyumba kuomba ruhusa. Mzee yule akamjibu, "Toboa. Ila nyumba ikianguka, uwe chini yake." Akatoboa. Tangu siku hiyo mkewe akakaa dirishani na cherehani, wateja wakawa wanapimwa mabega wakiwa barabarani, na mitaa mitatu ikajua nani amenenepa. Jioni, akitoka kazini, Chumvi alikuwa akisimama ng'ambo ya njia kumtazama, ameinamisha kichwa juu ya kitambaa. Naye, bila kuinua macho, alikuwa akisema, "Bwana, hapo unaposimama hapalipiwi kodi. Ingia ndani."

Baadaye walihama, wakapata watoto, wakajenga. Sasa alikuwa amemzika. Nyumba yake ilikuwa na madirisha makubwa ya vioo, na hakuna hata moja lililokuwa na mtu.

Mjane akawapokea kwa maji ya kunywa na maneno mengi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na nyumba aliinunua ukubwani kutoka kwa watu walioinunua kwa watu wengine. Akawaonyesha bati lililotoboka, akawaonyesha plasta iliyomeguka jikoni, halafu akawaingiza chumba cha kona. Kilikuwa giza totoro. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao na gunia.

"Na hili dudu nalo lizibeni kabisa," akasema. "Wezi wanavulia humu. Wanapitisha mti mrefu wenye ndoano. Walianza na pazia. Wakaja sufuria. Mwezi uliopita wakalishika blanketi nami nimo ndani yake. Nikashika pembe, wakashika pembe, tukavutana kama watoto wa shule na kamba."

"Nani alishinda?" Mama Besi akauliza.

"Mnaniona na blanketi?"

Wote wakacheka isipokuwa Chumvi. Fundi akapima uwazi kwa mkono, akasema ni kazi ndogo, wataifanya kwanza kabla ya kupanda juu ya paa. Vijana wa sauti ya tatu wakatumwa kuleta matofali. Ndipo Mzee Chumvi akafanya jambo ambalo kwaya ilikuwa haijawahi kuliona: aliingilia kazi.

"Ukuta huu msiuguse," akasema.

"Kwa nini, mzee wangu?" Fundi akauliza.

Kwa nini. Angeweza kusema ukweli, lakini ukweli hakuwa na mazoea nao. Macho yake yakaona ufa uliopanda kutoka pembe ya dirisha kuelekea juu, akaudaka kama mtu anayezama anavyodaka unyasi.

"Mnauona ufa huu? Dirisha ndilo linalopumua kwa niaba ya nyumba. Kuna nyumba moja niliwahi kupakulia mzigo, wakaziba dirisha la namna hii hii. Upepo ukakosa pa kutokea. Nyumba ikavimba usiku kucha. Asubuhi wenyewe walipofungua mlango, walitokea uani kwa jirani."

Siku nyingine wangecheka. Lakini safari hii mzee alisema bila kukonyeza mtu, na mkono wake hakuuondoa kwenye ufa. Fundi Timazi akaitoa kamba shingoni, akaiteremsha polepole, akaiacha itulie. Akafumba jicho moja.

"Habari za kuvimba sizijui," akasema, "ila ukuta umelala. Hapa juu unaingia kidole kizima. Mzee leo amesema kitu."

"Dawa yake nini?" akauliza mjane kwa hofu.

"Kuubomoa wote. Tuinue mpya, ulionyooka, usio na dirisha hata moja."

"Basi leteni nyundo," akasema Mama Besi, naye alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chumvi alitaka kuokoa tundu, sasa amepoteza na ukuta. Akasimama mbele ya dirisha, mgongo kwenye gunia, mikono ameitanua.

"Ngojeni. Nimedanganya."

"Umedanganya lini?" Mama Besi akauliza.

"Sasa hivi. Hiyo nyumba ya kuvimba."

"Mbona timazi inakubaliana na wewe?" akauliza Fundi, akiwa ameudhika kidogo.

"Sikilizeni. Dirisha hili nililitoboa mimi. Nimeishi chumba hiki."

Kwaya ikapasuka kwa kicheko, sauti zote nne. Mama Besi alilazimika kushika toroli asianguke.

"Na lori ukalisimamisha kwa misiba," akasema akijifuta machozi.

"Na mbuzi ana leseni yako mfukoni," akadakia mmoja wa sauti ya tatu. "Mzee, ungetuambia mapema, tungekuletea hati ya nyumba utie sahihi."

Chumvi akawangoja wamalize. Alijua vizuri jinsi ya kuwafanya wasikilize. Angeweza kusema ukuta ulikuwa wa jiwe, akautoboa kwa kijiko. Angeweza kusema alipotoboa tu, jua likaingia likagoma kuzama. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga ulimini kama abiria. Lakini alipojaribu kuyaweka juu ya kile kichwa kilichoinama kwenye kitambaa, hayakukaa.

"Mke wangu alikuwa anashona," akasema. "Chumba kilikuwa giza. Nikatoboa."

Wakasubiri chumvi yake.

"Halafu?" akauliza mjane.

"Halafu akashona."

Mjane aliweka jagi chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi simjui huyu baba," akamwambia Mama Besi. "Lakini nyumba yangu haina dari, nimewasikia tangu gari linasimama. Nimesikia ya mbuzi na leseni, nimesikia ya nyumba iliyovimba. Hakuna hata moja iliyokwisha upesi hivi." Akamgeukia Chumvi. "Alikaa upande gani?"

Chumvi akaonyesha. "Cherehani hapa. Mgongo kwa mlango. Kanyagio lilikuwa linateleza, kwa hiyo mguu mmoja anaukanyagia ukutani kujizuia. Nilikuwa nikimwambia ataniharibia rangi."

Mjane akapatazama mahali pale.

"Baba, nakusikitikia," akasema. "Ila na blanketi langu nalisikitikia."

"Ziba, mama. Nyumba ni yako." Akatoka mbele ya dirisha, na ilionekana kila hatua inamgharimu. "Ulale kwa amani. Hata mke wangu angesema hivyo."

Mama Besi hakuwa anacheka tena. Alikuwa amemkamata Chumvi mkono, kama wanavyokamatana watu makaburini. Fundi naye akawa anaizungusha kamba kidoleni, hajui aamuru nini. Ni mjane aliyezungumza.

"Fundi, yale matofali ya matundu mliyoshusha, ni ya nini?"

"Ya jikoni kwako, moshi upate pa kutokea."

"Mimi moshi nimeshazoeana nao, mlango nitaacha wazi. Yawekeni hapa. Mti wa mwizi utapita?"

Fundi akaingiza kidole kwenye tundu la tofali, kikakwama kwenye pingili ya pili. "Labda aje kuiba kwa kijiti cha meno."

"Na ukuta uliolala?"

"Tutauinulia nguzo nje ya kuuegemeza. Nyumba nyingi zinaishi zikiegemezwa," akasema, na kwa Fundi hayo yalikuwa mahubiri.

Mzee Chumvi akanyoosha mkono. "Nipeni mwiko."

Wakatazamana, lakini wakampa. Akang'oa mbao na gunia, akapiga magoti ndani ya chumba, akatandaza saruji kwenye kizingiti cha dirisha, akaweka tofali la kwanza, akaligonga kwa mpini taratibu hadi likatulia. Ukibarua haukuwa umemtoka mikononi. Nje, kwaya ilianza wimbo, ule mzito, wa taratibu, bila Fundi kumkumbusha mtu. Safu ya kwanza ilipokamilika, viatu vya wapita njia vilibaki vipande vipande kwenye matundu. Ya pili ikachukua magoti na magurudumu ya baiskeli. Ya tatu ikachukua mabega, yale ambayo zamani yalikuwa yakisogea dirishani kupimwa. Mtoto mmoja wa jirani akapita akiwa amebeba ndoo kichwani, akachungulia, akaona mzee analia huku anapanga matofali, akaongeza mwendo. Tofali la mwisho lilikaa kwa shida, Chumvi akalisukuma kwa kiganja, na barabara ikaisha.

Ila chumba hakikuwa giza. Jua la mchana lilipenya kwenye matundu, likaangusha vipande vyake sakafuni, safu kwa safu, mpaka karibu na miguu ya mjane. Yeye alitazama chini, akasogeza unyayo mmoja ndani ya mwanga kama anayepima maji.

"Kumbe hapa panaonekana hivi," akasema. "Nimelala humu miaka yote kama kuku."

Akaenda kuleta kigoda, akaleta na ungo wa mchele aliokuwa ameuacha uani. Akaketi, mgongo kwa mlango, akaanza kutoa mawe. Juu ya paa vijana walikuwa wameshaanza kugonga bati, na Mama Besi alikuwa anawafokea kuhusu misumari. Chumvi alibaki amekaa sakafuni, saruji ikimkaukia vidoleni.

"Alikuwa anashona nini?" mjane akauliza, macho kwenye ungo.

"Sare za shule zaidi," akasema. Akafikiri. "Kola zilikuwa zinamsumbua. Kola ya kushoto haikuwa inakubali kulala. Alikuwa anaifumua, anaishona, anaifumua tena. Nikimwambia iache, hakuna mtu atakayeiona, ananiuliza mimi nimeionaje."

Mjane akatupa jiwe nje ya mlango, akasogeza kigoda kidogo ili wote wawili wawe ndani ya mwanga.

"Endelea," akasema.