Mstari wa Regina

Rhobi aliandika wasifu wa marehemu Bibi Bhoke kwa mkono, akampelekea Mwikwabe, mwalimu jirani na katibu wa kanisa, ambaye ndiye angeusoma kaburini.

"Nisahihishie makosa tu, mwalimu. Herufi, nukta. Halafu uchape."

Asubuhi ya mazishi, pale Nyambureti, Mwikwabe alileta ukurasa mmoja safi, hauna kosa hata la dawa. Rhobi aliusoma mpaka chini.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Si yuko jikoni? Nimempita sasa hivi anapepeta mchele."

"Humu, mwalimu. Humu kwenye karatasi."

Mwikwabe akakohoa.

Bibi Bhoke hakujaliwa mtoto. Kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, alitoa ng'ombe zake mwenyewe, akamwoa Regina, ili boma lake lisije likafa. Regina akamzaa Rhobi na wadogo zake, wote watoto wa nyumba ya Bhoke. Sasa karatasi ilisema marehemu ameacha ndugu, jamaa na marafiki.

"Mchungaji atakuwepo, na wageni wa Mwanza," alisema Mwikwabe. "Nikaona nipunguze. Hata ule ugomvi wa mbuzi nimeutoa."

"Wa mbuzi sawa, nilikuwa nimeuvuta mno. Lakini mimi nilikuomba unipangusie mlango vumbi. Wewe umeng'oa mlango!"

Mwikwabe alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Watu watanong'ona, Rhobi."

"Bibi alitoa ng'ombe mchana, ukoo wote ukiangalia. Leo tumfichie nini? Ukisoma hivi, mama atatupa udongo kama nani? Mpishi?"

Muda wa kuchapa tena haukuwepo. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje. Mwikwabe akachomoa kalamu, akaweka karatasi gotini.

"Haya, sema. Niandike 'alimwoa kwa mila', au 'kwa ng'ombe zake'?"

"Yote mawili."

"Na nikate wapi ili mstari uingie?"

"Usikate. Na siku nyingine uliza kwanza, kama ulivyouliza sasa."

Kaburini Mwikwabe alisoma taratibu. Alipofika kwenye mstari wa kalamu aliisogeza karatasi karibu na macho, akapaza sauti: "Ameacha mke, Regina, aliyemwoa kwa mila, kwa ng'ombe zake, na watoto wao."

Minong'ono ikapita kidogo. Regina, aliyekuwa amesimama nyuma na wapishi, akafuta mikono kwenye kanga, akaja mbele. Watu wakampisha.

Akainama, akachota udongo wa kwanza.