Waliochomekea Foleni

Fundi bomba hakuwa mtu mbaya. Hata wale waliowahi kugombana naye, na hawakuwa wachache, walikubali kwamba kazi yake ni safi na kwamba hana kinyongo: akishafoka, yameisha. Tatizo ni kwamba kabla hayajaisha, mtaa mzima unakuwa umeshasikia. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na mwenzake aliye chini ya sakafu huku mashine inanguruma.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, alishamzoea. Binti yao hakumzoea. Binti huyu walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea akifumbua macho na kunyamaza akiyafumba. Siku moja alikwenda na baba yake duka la dawa, mtu mmoja akapita mbele yao dirishani kama vile hawaoni, na fundi akamwaga yote aliyokuwa nayo kifuani. Watu wakajaa. Alipomaliza na kunyoosha mkono amshike mwanawe, mwanawe hayupo. Alimkuta nje, nyuma ya gari lililoegeshwa, ameugeuzia ukuta uso. Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku hakusema neno, na kwa Chiriku hiyo ilikuwa zaidi ya ugonjwa.

Kwa hiyo asubuhi waliyokuwa wanakwenda kwenye bustani ya michezo, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, binti alisema, "Baba, leo usigombane na mtu."

"Nigombane na nani tena? Si tunakwenda kucheza?"

"Na mtu yeyote."

"Haya, mama."

"Sema sitagombana."

"Sitagombana."

Mkewe alikuwa zamu siku hiyo, kwa hiyo wa tatu katika msafara alikuwa dada yake fundi, Shangazi, muuza nguo za mitumba sokoni. Huyu naye ugomvi kwake ni kama chai: asipoupata asubuhi, kichwa kinamuuma.

Walifika mapema lakini langoni watu walishajipanga. Walipokaribia dirisha la tikiti, alitokea bwana mmoja mwenye kofia pana ya ukili, nyuma yake mke, watoto, wapwa na mabegi, akapasua foleni kama anayefungua pazia. "Samahani, samahani, tuna watoto," akasema, utadhani wenzake walikuja na mbuzi.

Shangazi alimpiga kaka yake kiwiko. "Umemwona huyo?"

"Nimemwona."

"Na?"

"Na nimemwona."

Shangazi alimtazama kwa mashaka, kama anayemkagua mgonjwa.

Kwenye mitumbwi ya maji wakakutana nao tena. Watu wa Bwana Kofia walikuwa kwenye mtumbwi wa mbele, na ingawa kibao kilisema wazi kwamba kila mtu akae, wao walisimama, wakawa wanachota maji kwa kofia na kuwarushia walio nyuma. Chiriku alilowa mpaka soksi. Bwana Kofia alicheka, akapiga picha. Fundi alijikaza kisabuni. Alikamua shati la mwanawe, akalikung'uta, akauliza nani anataka bisi.

Lakini kilichowaleta pale haikuwa mitumbwi wala bisi. Ilikuwa treni ya angani: mabehewa mafupi yanayopandishwa taratibu hadi juu kabisa ya reli, yakasita kidogo, kisha yakaachiwa. Mwaka uliotangulia Chiriku alizuiwa kwenye nguzo ya kupimia urefu. Alipungua upana wa kidole kimoja, na mhudumu alipomwambia ajaribu mwaka mwingine, alilia mpaka akapata kwikwi. Tangu hapo alikuwa anajipima kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Safari hii alisimama kwenye ile nguzo kama askari wa gwaride. Mhudumu, dada mmoja mwenye filimbi shingoni, alimwekea kiganja juu ya kichwa, akakibonyeza kidogo.

"Si nywele," Chiriku akawahi. "Ni kichwa chenyewe."

"Ni kichwa chenyewe," dada wa filimbi alikubali. "Ingia."

Foleni ilijikunja kama utumbo katikati ya minyororo, chini ya paa la bati lililokuwa linachemka. Watoto wachanga walilia, watu walijipepea kwa ramani za bustani. Mbele ya Chiriku alisimama mama mmoja peke yake, amekumbatia begi, kimya. Fundi alimtambua: mke wa Bwana Kofia. Walisogea hatua kwa hatua, wakasimama, wakasogea, mpaka mlio wa magurudumu ukawa juu ya vichwa vyao.

Walipobakiza kidogo kufika, minyororo ikaanza kugongana nyuma yao. Bwana Kofia alikuwa anapita chini yake ameinama, watoto na wapwa wakimfuata kama vifaranga. "Tuko naye yule. Tuko naye. Tupisheni." Wakafika, wakajichomeka wote mbele ya Chiriku. Mama mwenye begi alitazama chini.

Papo hapo dada wa filimbi akaja anahesabu vichwa kwa kidole. Alipomaliza na wapwa wa Bwana Kofia, alivuta mnyororo akaufunga mbele ya kifua cha Chiriku.

"Hawa ndio wa mwisho kwa sasa," alitangaza. "Ikitoka na hawa, treni inapumzishwa, mafundi wanaikagua. Itarudi wakimaliza, lakini siwezi kuwaahidi saa ngapi."

Foleni nzima iliguna. Chiriku aliutazama ule mnyororo. Kidevu kilimtetemeka, akakibana.

"Si kitu, Baba," akasema. "Tutakuja siku nyingine."

Hilo "si kitu" lilimwingia fundi vibaya kuliko kofia, maji na mabegi yote ya asubuhi ile. Alielewa kwamba mtoto alikuwa tayari kuikosa treni yake ili baba yake asipige kelele. Akachuchumaa.

"Mama, nikimwambia yule bwana bila kufoka, huo ni ugomvi?"

Chiriku alifikiri. "Utaongea kama unavyoongea na Mama akitoka zamu ya usiku?"

"Hivyo hivyo."

"Huo si ugomvi."

Fundi aliinuka. Shangazi akakunja mikono ya gauni lake, akapata nafasi nzuri ya kusimama.

"Ndugu yangu, habari za mchana."

"Nzuri," Bwana Kofia akajibu bila kugeuka.

"Sisi tulikuwa nyuma ya shemeji hapa. Alikuwa peke yake. Ninyi mmefika sasa hivi, na nafasi zimeishia kwa mwanangu. Naomba mrudi nyuma, apate kupanda."

Sasa aligeuka. "Mke wangu alikuwa ametushikia nafasi."

"Alishika ya mtu mmoja."

"Kwani wewe ndiye mwenye bustani?"

"Hapana. Mimi ni fundi bomba."

Watu wawili watatu walicheka. Bwana Kofia akacheka pia. "Basi kazibue vyoo."

Fundi alisikia masikio yanapata moto. Ile sauti ilianza kupanda kifuani kama maji yaliyopata presha, na mkono mdogo uliokuwa ndani ya mkono wake ukakaza. Aliiacha sauti ishuke. Ilishuka polepole, lakini ilishuka. Akamgeukia dada wa filimbi.

"Dada, tusaidie. Utaratibu wenu unasemaje?"

"Mnaopanda pamoja mnapanga foleni pamoja," alisema dada, na ilionekana amelisema mara nyingi. "Mama abaki. Wengine naomba mrudi nyuma, kaka yangu."

"Sirudi. Nimelipa kama wengine."

Dada wa filimbi hakubishana. Alipuliza filimbi mara moja, mwenzake aliyekuwa kwenye mitambo akaondoa mkono kwenye swichi, na dada akakunja mikono. "Basi hatuondoki."

Hapo ndipo foleni ilipoamka. Watu walikuwa wamechoka, wana joto, na sasa wamepata wa kumlaumu. "Mtoe huyo!" akapaza mmoja kutoka nyuma. "Kofia kubwa, adabu ndogo!" Kicheko kikapita, kila kicheko kikazaa tusi jipya. Shangazi naye, aliyekuwa amejizuia tangu langoni, akafungulia: "Mwanaume mzima huoni haya, unashindana na mtoto! Nani alikulea wewe?" Simu ziliinuliwa, zikaanza kurekodi. Chupa tupu ya plastiki iliruka ikaigonga ile kofia, ikamdondokea miguuni.

Bwana Kofia alibaki ameduwaa, mdomo wazi. Miguu ilikataa kuondoka, kama mtu anayehisi akisogea hatua moja ataanguka.

Fundi angeweza kuliacha liendelee. Alikuwa ameshinda bila kufungua mdomo. Lakini macho yake yalikuwa yamemfikia msichana mmoja katika lile kundi, mrefu, mwenye miwani, binti mkubwa wa Bwana Kofia. Alikuwa amewapa watu wote kisogo. Paji la uso lilikuwa kwenye nguzo ya chuma, mikono imeziba masikio. Fundi aliwahi kuuona mgongo wa namna hiyo, nyuma ya gari lililoegeshwa.

"JAMANI! INATOSHA!"

Ilikuwa ile sauti yake yenyewe, yote, bila kupunguza. Bati la paa liliitika. Hata watoto wachanga waliacha kulia, kwa mshangao.

"Ameshaambiwa, amesikia," akasema, sasa kwa utulivu. "Hakuna haja ya kumtukana mbele ya watoto wake. Kijana, shusha hiyo simu. Dada, na wewe."

"Mimi nimefanya nini?" Shangazi akauliza.

"Unajua ulichofanya."

Shangazi akafyata mdomo, jambo ambalo jamaa zake wa sokoni wangelipa kiingilio kulishuhudia.

Fundi alimsogelea Bwana Kofia mpaka wakawa wanasikiana wao tu. "Ndugu yangu, mwangalie binti yako pale."

Bwana Kofia alimwangalia. Kisha aliokota ile chupa, akaitia kwenye pipa la taka, akauinua mnyororo. "Twendeni," akawaambia watu wake. Walipita chini ya mnyororo mmoja mmoja, msichana wa miwani akiwa katikati, na mama mwenye begi akawafuata ingawa nafasi yake ilikuwa halali. Alipompita Shangazi alisema, "Tusameheni, dada," na Shangazi, kwa shingo upande, akajibu, "Yamekwisha."

Dada wa filimbi alifungua mnyororo. Chiriku alichagua behewa la mbele kabisa, baba yake akakaa kando yake, Shangazi nyuma yao, na chuma cha kufungia abiria kikashuka juu ya mapaja yao kwa mlio mzito.

"Baba, ulifoka," Chiriku akasema.

"Nilifoka. Umekasirika?"

Aliinamisha kichwa upande, akaanza kulipima jambo lenyewe. "Pale kwanza nilishtuka. Lakini halafu niliona kwamba kumbe wewe ulikuwa una—"

Treni ikaondoka na sentensi yake. Fundi hakuipata tena.

Kuhusu safari yenyewe, Shangazi aliwaita marehemu wote wa ukoo kwa vyeo vyao na kuwaomba radhi. Fundi alipiga ukelele mmoja mrefu uliodumu tangu kilele cha kwanza hadi breki. Chiriku hakupiga kelele hata kidogo. Alikaa wima, macho yamemtoka, mdomo umefungwa, kwa mara ya kwanza akiwa macho na kimya kwa raha.

Baadaye walikaa kwenye kibanda chenye meza za saruji, wakafungua mikate na mayai ya kuchemsha waliyotoka nayo nyumbani. Fundi hakula. Alijilaza kwenye benchi, mkono juu ya macho, akisubiri dunia itulie. Mafundi wa treni walimaliza ukaguzi wao, filimbi ikalia, foleni ikaanza upya. Watu wa Bwana Kofia walikuwa ndani yake, wote pamoja, mahali walipofikia.

Msichana wa miwani alichomoka peke yake, akaja mpaka mezani. Hakumtazama mtu mzima yeyote.

"Eti, inatisha?" akamuuliza Chiriku.

"Mteremko wa kwanza tu," Chiriku akajibu, kama mtu aliyepanda maisha yake yote. "Shika chuma, usifumbe macho. Ukifumba ndiyo mbaya zaidi, muulize Shangazi. Na hiyo miwani usipande nayo, itapaa."

Msichana alisita. Kisha akaivua, akamkabidhi. "Nishikie," akasema, akakimbia kurudi foleni.

Chiriku aliishika kwa mikono miwili, ukingoni, vidole visiguse vioo. Hakula tena mpaka treni ilipopanda na kushuka.

Msichana alirudi kuichukua nywele zikiwa zimesimama, anacheka na kuongea kwa wakati mmoja, na Chiriku akampokea kwa maneno yake mwenyewe, kila mmoja akimsimulia mwenzake safari ile ile. Nyuma yake alikuja baba yake, kofia mkononi, anakanyaga chini kwa uangalifu kama anayevuka utelezi. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

Fundi aliinua mkono kutoka machoni. Walitazamana.

"Tumbo vipi?" fundi akauliza.

"Usiniulize, bwana."

Fundi alikunja miguu kupisha nafasi, na yule bwana akakaa mwisho wa benchi, akaiweka kofia magotini. Shangazi akamenya yai, akamsogezea pamoja na chumvi.