Risasi Zenye Koti

Bridget alipanda miche ya matufaha, kulungu wakaila. Akapanda tena, wakaila tena, safari hii pamoja na kamba za kuifungia.

Bridget alikuwa muuguzi mwenzake Zilpah katika hospitali moja magharibi mwa Sydney. Siku za mapumziko aligeuka mkulima kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, mwendo mrefu wa gari kutoka mjini. Yeye ndiye aliyemwingiza Zilpah kwenye klabu ya shabaha, ambako visahani vya udongo hurushwa hewani na watu huvipasua kwa marisau. Zilpah alikwenda mara ya kwanza kwa kuona haya kukataa, akapasua visahani vingi kuliko mwenyeji wake. Ndipo mumewe, Oloo, aliyetarajia kwamba mke wa makamo atatulia nyumbani Doonside afume vitambaa, akajikuta anaishi na mwanamke mwenye leseni, kabati la chuma lililokazwa ukutani, na shotigani ya mitutu miwili.

"Mama Jacky," Oloo alisema Bridget alipomwomba Zilpah aje awapige kulungu wale, "visahani havina damu."

"Wala havili matufaha," Zilpah akamjibu.

Tatizo lilikuwa risasi. Marisau ni punje ndogo ndogo. Ukimpigia kulungu utamtesa tu, na mwenye shamba alitaka mnyama afe mara moja. Kwa shotigani kuna risasi nyingine, bonge moja zito lenye unene wa kidole gumba. Bunduki ya Zilpah ilikuwa imekwisha kufungwa kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, na vibali vyote vilikuwa sawa. Kilichobaki kilikuwa kuchagua bonge lenyewe. Akafanya kosa la kwenda dukani na Vénérand.

Vénérand alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Aliendesha foklifti kwenye ghala moja huko Smithfield, na kanisani aliimba besi. Alikuwa mwanachama wa klabu ileile. Hakuwa amewahi kuwinda hata panya, lakini alikuwa na sauti nzito sana, na jambo lolote likisemwa kwa sauti ile lilifanana na ukweli.

"Mama Zilpah, angalia hii!" alinguruma, akiinua kiboksi chenye picha ya kulungu dume mwenye pembe kama mti. "Hii risasi iko na koti. Hizi ingine zote ziko uchi."

Ni kweli, kila risasi ilikuwa imevikwa ganda la plastiki.

"Koti ni la nini?" Zilpah aliuliza.

"Ya kwenda mbali! Ile iko uchi itasikia baridi njiani."

Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisogea. "Mtutu wako ndani ni laini, au una mifuo ya kuizungusha risasi?"

"Ni laini," alisema Zilpah.

"Basi hizo za koti..."

Hapo Vénérand akamkatiza ili amweleze kuhusu wanyama wa Burundi. Alianzia mlimani akateremka hadi ziwani. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka akasahau alichotaka kusema. Mwishowe alitoa viboksi vingine viwili vya kawaida, akaviweka juu ya kaunta.

"Chukua na hivi, mama. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti. Nenda ukapige karatasi kwanza, yako itakwambia yenyewe."

Zilpah, ambaye kazini hakumpa mgonjwa hata kidonge cha kichwa kabla ya kusoma maandishi madogo mara mbili, hakusoma chochote. Miwani yake ilikuwa ndani ya gari, na picha ya yule dume ilikuwa nzuri mno.

Jumamosi Zilpah na Vénérand walikwenda uwanja wa klabu. Oloo alifuatana nao akiwa amebeba darubini na chupa ya chai. Alikuwa amechora kulungu kwenye karatasi ya kulengea.

"Baba Jacky, huyu ni mbuzi," Zilpah alisema.

"Ni kulungu aliyekonda. Mmesema ana njaa."

Karatasi ilitundikwa umbali wa mita hamsini. Kwenye nafasi ya jirani alisimama mzee mmoja wa Kiaustralia, Maxwell, akijaribu raifo yake, bunduki ya risasi nyembamba. Alikuwa amepiga asubuhi nzima, na kwa uso wake ilionekana asubuhi haikuwa njema.

Zilpah alilenga kwa utulivu, akafyatua risasi ya koti. Oloo alitazama kwa darubini.

"Mbuzi ni mzima."

Akafyatua ya pili. Mbuzi akabaki mzima. Ya tatu ilipolia, Maxwell aliyekuwa amefyatua wakati uleule alitazama karatasi yake, akapiga kelele ya furaha. Katikati kabisa mwa karatasi palikuwa na tundu. Lilikuwa kubwa kuliko risasi yake mara mbili na lilikuwa na umbo la kidole kilicholala ubavu, lakini mtu mwenye furaha hapimi matundu.

"Miaka yote hii!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Mmeona?"

Zilpah alifungua mdomo aseme ukweli. Lakini mzee alikuwa tayari anampigia mkewe simu.

"Nyamaza," Oloo alimnong'oneza. "Utamuua."

Zilpah akavaa miwani, akageuza kiboksi. Chini ya kwato za yule dume paliandikwa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, kwamba risasi hizo zilitengenezwa kwa mitutu yenye mifuo. Mifuo ndiyo huizungusha risasi ya namna ile ikaenda imenyooka. Kwenye mtutu laini haizungushwi na kitu. Ikitoka na kuvua koti lake, inabingirika hewani kama chupa iliyotupwa dirishani.

"Wameandika kidogo sana," Vénérand alilalamika. "Mtu wa haki anaandika kubwa!"

"Na mtu wa haki angemwacha muuzaji amalize sentensi," alisema Zilpah.

Akafungua kiboksi cha pili. Hizi zilikuwa mabonge matupu yenye mistari ubavuni, nazo zilifika kwenye karatasi, ila zilitawanyika kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Moja ilimtoboa mbuzi sikio, nyingine kwato. Cha tatu kilikuwa na mabonge mazito mbele, yaliyofungiwa kitambaa kinene nyuma kama mkia. Zilpah alipiga, akapiga tena, na tena. Oloo alitazama kwa darubini, akaifuta vioo, akatazama tena.

"Wueh!" alisema hatimaye. "Hayo matundu unayafunika kwa kisahani cha chai."

Bunduki ilikuwa imesema.

Vénérand hakuamini. Akaomba ajaribu mwenyewe. Zilpah akamwonya aikaze kitako begani, kwa sababu bonge lina teke lisilofanana na la marisau. Vénérand akasema mateke anayajua. Akafyatua. Kofia ilikwenda upande mmoja, yeye akaenda mwingine, akajikuta ameketi majanini huku mtutu bado ameuelekeza mbele kama alivyofundishwa. Kwa hilo tu walimsifu.

"Nilikuwa ninataka kukaa," alisema.

Wiki iliyofuata, alfajiri, Zilpah alijilaza nyuma ya mkalitusi ulioanguka shambani kwa Bridget. Oloo alibaki jikoni na mwenyeji wao. Vénérand alilala kando ya Zilpah baada ya kuapa kwamba hatasema neno.

Ukungu ulipoinuka, majike wawili walitoka vichakani. Walitembea bila wasiwasi, kama watu wanaoingia katika mkahawa wanamojulikana. Mkubwa alisimama karibu kabisa, ubavu wazi.

"Piga!" Vénérand alinong'ona. Mnong'ono wake ulisikika barabarani.

"Nyuma yake kuna nyumba ya jirani," Zilpah alisema, kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Jike aliinua kichwa. Usiku mwingi wodini Zilpah alikuwa amesubiri mistari ya mapigo ya moyo kwenye mashine, lakini hakuwahi kusubiri namna hii. Kisha jike alisogea polepole, mpaka nyuma yake pakawa na kilima kitupu cha udongo. Zilpah akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua.

Mnyama aliruka, akakimbia kidogo, akaanguka. Mwenzake alitoweka.

Zilpah aliondoa ganda la risasi, akahakikisha mitutu ni mitupu, ndipo akaenda. Alipiga magoti na, bila kufikiri, akaweka vidole viwili shingoni mwa mnyama kutafuta mapigo. Hayakuwapo. Alikuwa ameona vifo vingi. Hiki kilikuwa cha kwanza alichokianzisha yeye. Vénérand alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Hakuteseka, mama," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo ya kweli.

"Hakuteseka," Zilpah alikubali, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Walimkokota hadi uani. Zilpah akafungia bunduki ndani ya gari, risasi akaziweka kwenye sanduku lake, na funguo akampa Oloo. Bridget alitoka na chai, akamkumbatia, akauliza mambo yalikwendaje. Hapo sauti ya Vénérand ikarudi yote kwa mpigo.

"Tulichagua yenye mkia," alimweleza Bridget, akiwa ameupa mgongo mstari wa miche. "Mimi nilijua toka dukani. Risasi ya koti si mzuri kwa mtutu laini, hapana! Watu wengi hawajui. Kulungu iko na akili, inataka mtu mwenye kunyamaza..."

Nyuma yake yule jike wa pili alikuwa amerudi. Aliruka uzio, akafika kwenye mche wa kwanza, akakata kilele chake taratibu. Oloo alimwona. Bridget alimwona. Hakuna aliyethubutu kumkatiza msemaji.

Zilpah aliangalia gari, akaangalia funguo mkononi mwa mumewe. Kisha akaweka kikombe chini, akaokota bonge la udongo, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likampata kulungu kwenye makalio. Mnyama alitimka na mche mdomoni, pamoja na mizizi yake.

Vénérand aligeuka. "Kumetokea nini?"

"Hakuna," alisema Oloo, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Endelea tu. Ulikuwa umefika kwenye kunyamaza."