Ramani ya Ekzosi ya Zamani

Ijumaa iliyopita, baada ya swala na sahani ya ugali kwa kisamvu, Mbelwa Shekiondo alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni kwake pale Soni, akaota kwamba pikipiki yake imemwita shaurini.

Ndotoni hakushangaa sana. Wiki nzima alikuwa hana raha na pikipiki hiyo. Haikuwa ya kabureta. Ilikuwa ya injekta, yenye kompyuta ndogo chini ya kiti inayoamua injini ipewe petroli kiasi gani. Alipoinunua ilikuwa inanguruma kwa adabu. Yeye akataka ingurume kama ya wanamashindano. Akang'oa ekzosi, lile bomba la moshi, iliyotoka nayo kiwandani, akafunga nyingine pana na nyepesi. Akatupa na boksi la chujio la hewa, akachomeka chujio la wazi lenye umbo la pia. Kelele akaipata. Lakini injini sasa ilikuwa inameza hewa kwa pupa huku ikipewa petroli ileile ya zamani. Ikawa inachemka, inapasuka kama risasi kila akiachia mafuta, na mlimani inakata pumzi.

Jumanne ilizimika kwenye kona kali ya kupanda kutoka Mombo, mkewe Mwantumu akiwa nyuma na lori la mbao likiwafuata kwa honi. Lori liliwapita karibu kabisa. Mwantumu akashuka, akaumaliza mlima kwa miguu. Kule Mombo mama yake alikuwa mgonjwa, na alitakiwa kumwona mara kwa mara, lakini tangu siku ile alikataa kupanda pikipiki, akasema neno moja tu kuihusu: "Ilikuwa nzima. Uliyeitoboa ni wewe."

Basi katika ndoto Mbelwa anafungua kiti cha pikipiki na kuingia ndani, kama mtu anavyoingia dukani. Ndani kuna ofisi. Nyuma ya meza amekaa Kompyuta. Ana ukubwa wa kiberiti na amevaa koti.

"Karibu," anasema Kompyuta. "Unatoka wapi?"

"Nyumbani. Hapa hapa Soni."

"Nyumba yenu ina ekzosi gani?"

"Mpya."

Kompyuta anakunjua ramani juu ya meza, meza inaisha, ramani inaendelea mpaka sakafuni. "Mimi ninayo ramani ya ekzosi ya zamani. Katika ramani hii wewe haupo."

"Lakini nimesimama mbele yako."

"Ninakuona vizuri. Hilo halibadilishi ramani."

Mbelwa anainama kutazama. Ni milima ya Usambara, anaijua. Ila kila mahali penye kijiji pamewekwa kijiko cha petroli. Pale injini inapotembea polepole kuna kijiko kidogo, pale inapopanda kuna kikubwa. Anaifuata barabara kwa kidole mpaka kwenye ile kona ya Jumanne. Pamewekwa kijiko cha chai.

"Hapa pangehitaji upawa," anasema.

"Kwa ekzosi ya zamani kijiko kilitosha. Nani aliwaambia mhame?"

Mbelwa anageuka aone kama kuna mtu wa kumsaidia, na ofisi imekuwa shamba la kabichi. Kwenye tuta amekaa Plagi, mtoa cheche wa injini, mweupe toka kichwani hadi miguuni, kama aliyetoka kwenye tanuri la chokaa.

"Zamani nilikuwa na rangi ya biskuti," anasema Plagi bila hasira. "Nitazame."

"Pole."

"Pole haipozi. Niletee petroli."

Ekzosi yuko karibu, amelala chali katikati ya kabichi, anaimba kwa sauti kubwa wimbo usio na maneno. Mbelwa anamwinamia. "Wewe ndiye uliyeleta haya. Punguza kidogo."

Ekzosi anaacha kuimba. "Mimi kazi yangu ni kutoa. Habari za kuingiza waulize wanaoingiza." Anaendelea na wimbo.

Hapo Mbelwa anaanza kuona kizunguzungu. Kila anayemuuliza anasema kweli, na kila kweli inamrudisha pale pale. Anajaribu kutoka shambani, na shamba linakuwa karamu.

Ni karamu kubwa, chini ya turubai. Wageni wamekaa kwenye mikeka wakizunguka masinia. Mtu mmoja asiye na uso anamweleza utaratibu: kila sinia moja, Hewa kumi na wanne na kipande, kwa Petroli mmoja. Mbelwa anauliza kipande ndiye nani. Anaonyeshwa. Ni mgeni wa kuanzia mabegani kwenda juu, anakula taratibu na hana shida na mtu. Petroli ni bibi mnene mwenye khanga nyekundu, na katika masinia yote anayeonekana ni yeye peke yake, anakimbizwa huku na huku mpaka anahema.

Kwenye mlango wa kutokea kumewekwa pua juu ya stuli. Hakuna mwili, ni pua tu. Inamnusa kila anayetoka.

"Wanatoka na njaa," inasema pua.

"Najua," anasema Mbelwa. "Kompyuta hataki kuongeza."

"Na tena wanatoka wengi kuliko walioingia."

"Haiwezekani."

"Mimi sihesabu. Mimi nanusa."

Ndipo anamwona Mwantumu. Mkewe anapita katikati ya masinia na upawa mkononi, amejifunga khanga kiunoni kama kwenye shughuli za kwao. Hamtazami.

"Mama Shani, unafanya nini hapa?"

"Nagawa chakula kisichotosha. Na wewe, Baba Shani, badala ya kushangaa watu, hesabu wageni wako."

Anahesabu. Anakosea, anarudia, anakosea. Mara ya tatu anagundua kwamba kwenye sinia la mwisho kuna mmoja aliyekaa kwa kujibana, mwembamba, anayekula kwa haraka bila kuinua macho.

"Samahani ndugu," anasema Mbelwa. "Nani alikualika?"

"Wewe," anajibu mgeni, mdomo umejaa. "Ulipokuwa unalazimisha chujio lako lichomeke, ulivuta ule mpira unaopeleka hewa kwenye injini. Ukachanika kwa chini, upande wa injini, pasipoonekana. Nikaona mlango uko wazi. Nikajua hapa ni kwa watu wakarimu."

Mbelwa anaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa akila bila kualikwa. Anageuka, na Kompyuta amekaa pembeni yake na ile ramani magotini.

"Sasa umesikia," Mbelwa anamwambia. "Chora ramani mpya."

"Nitachora. Lakini sichori nyumba yenye mlango nisioujua. Mtoe huyo kwanza."

Basi Mbelwa anamshika mgeni mkono kumsindikiza. Mkono ni baridi kama maji ya mto asubuhi. Wanatembea vizuri mpaka karibu na pua, kisha mgeni anakishika kidole cha Mbelwa, anaanza kukivuta, si kwa ugomvi, kama mtoto anavyonyonya. Kidole kinaingia. Mkono unafuata. Mbelwa anamwita mkewe, na mkewe anasema, "Nakuja, nimeshika upawa," na Mbelwa anaendelea kuvutwa ndani.

Akaamka. Jua lilikuwa dirishani. Uani Mwantumu alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

Mbelwa alitoka, akaiwasha pikipiki, ikaanza kutetemeka na kukohoa kama kawaida yake. Akapiga goti. Akapitisha kidole chini ya ule mpira, upande wa injini, mahali ambapo jicho halifiki. Kidole kikavutwa. Na injini ikatulia, ikawa inanguruma taratibu kama siku aliyoinunua.

Mwantumu akaacha kusugua. "Umeifanya nini?"

"Nimeweka kidole."

"Kitoe."

Akakitoa. Ikakohoa. Akakirudisha. Ikatulia.

"Mpira umechanika," alisema Mbelwa. "Tukiuziba, itabaki kumpelekea fundi ile kompyuta aifundishe kiasi kipya cha petroli. Kabla ya hapo haifundishiki." Hakujua alivyolijua hilo.

Mwantumu alifuta mikono kwenye khanga, akachuchumaa, akamsukuma mumewe kando kwa bega. Akapenyeza kidole chake mwenyewe. Alikaa hivyo kitambo, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

"Ana mkono wa baridi huyu," alisema. "Lete kipande cha tyubu tumfungie nje."